Kishona Nguo

Wamekuita kishona nguo, nami ni fundi,
basi sisi ni wa kazi moja.
Mimi nina cherehani kuukuu, kikanyagio chake kinalia
kama bata wa jirani.
Wewe huna cherehani wala uzi,
una sindano tu, nyembamba, nyeusi,
zenye meno mawili au matatu kwenye ncha,
na hujawahi kumdai mteja malipo ya awali.

Majengo, Goma. Kibanda changu kimekaa juu ya lava,
jiwe linalochubua soli na kutafuna ndala,
jiwe lililokuja usiku likiwa uji
likala nyumba ya baba mkwe, na choo, na migomba,
likapoa, likanyamaza, likawa kiwanja.
Tukajenga juu yake. Ungefanyaje?

Nguo huja kwangu kabla hazijafuliwa.
Nakunjua pindo, nakuta barabara:
udongo mwekundu, huyu katoka milimani;
masizi ya makaa begani, huyu anasukuma chukudu;
harufu ya sambaza, huyu mama ameamkia ufukweni.
Na wewe, kila mara wewe,
umejipanga kwenye mshono wa ndani
mishono ambayo hakuna aliyeiagiza.

Alikuja Bauma, siku ya mvua,
na suruali ya kaki iliyopasuka gotini,
amejifunga kitenge cha kike kiunoni
na hakuna mwanamke nyuma yake.
"Mama Kavugho, unishonee tu hii, niko na hii moja.
Nitarudia kesho."

Nikahesabu mbegu: mia na kumi na saba.
Mpita njia hashonwi hivyo.
Huyu hakupita njiani.
Huyu alilala kwenye magugu, kifudifudi,
akangoja kitu kipite.
Sikumuuliza. Fundi hubana pini kwa midomo,
ndiyo adabu yake.

Nikazitoa mojamoja kwa ncha ya mkasi,
nikazitupa nyuma ya kibanda, kwenye ufa wa jiwe
ninapomwaga maji ya kunawa.
Nikaweka kiraka. Nikapiga pasi ya makaa.
Kesho ikaja. Kesho nyingine ikaja.
Suruali iko msumarini hadi leo.

Wewe ukarudi.
Wiki ya tatu, jani lenye meno ya msumeno,
baadaye jicho la njano, kope tano nyeupe,
pale pale ambapo maharage yangu yalikataa mara mbili.
Mkulima akikuona hulaani hata jembe lake.
Mimi juzi sindano ilinitoboa kidole mpaka kwenye ukucha;
nikachuma majani yako mawili, nikayafikicha,
nikakandamiza. Damu ikasita.
Jioni nikachanganya machanga na lengalenga,
uchungu kidogo. Watoto wakanuna, wakala.

Nsimire wa mlango wa pili anasema: ng'oa,
vitajaa uwanja mzima hivyo.
Nang'oa vitatu vinne, kuepusha maneno.
Lakini asubuhi watoto wa shule hukata kona pale pale,
soksi zao zinashonwa wakiwa wanakimbia,
na mbegu za goti la Bauma zinavuka lami,
zinadandia chukudu, zinafika Birere,
zinapita mpakani bila karatasi,
askari mwenyewe anazibeba kwenye mguu wa suruali
huku anadai vitambulisho vya wengine.

Mtu akija kuulizia suruali ya kaki,
ipo, msumari wa pili kutoka mlangoni.
Hatalipa.
Amwambie tu Bauma aangalie pindo, mguu wa kushoto:
mbegu moja nimeiacha humo.
Nilisahau kuitoa.
Au sikusahau.